Mjomba Aliyekwenda Kukagua Bweni

"Huyo mdogo wako akifika Padang atalala wapi, Nimar? Juu ya madaftari yake?"

Aliyeniuliza hivyo ni Jawanis, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Tulikuwa tumeinama chemchemini tunasuuza nguo. Wanawake wote waliokuwepo walicheka, na mimi nikacheka, maana Jawanis hakuwa na ubaya. Ulimi wake tu ndio ulikuwa hauna komeo. Lakini nilipokuwa napanda ngazi za nyumba na karai la nguo kichwani, swali lile lilikuwa limeshaniganda. Ni kweli. Atalala wapi?

Ilikuwa mwaka 1989, kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Payakumbuh. Mdogo wangu Wirdanelis, sisi tunamwita Nelis, alikuwa amefaulu kuingia chuo kikuu. Jina lake tulilisoma gazetini, kwa herufi ndogo kama mbegu za ufuta, na Abak, yaani baba yetu Rabani, alilizungushia wino mwekundu akalibandika ukutani karibu na kalenda ya msikiti. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kufika huko. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita.

Nelis alikwenda Padang kujiandikisha, akarudi na karatasi ya bweni la wasichana. Vitanda vilikuwa vichache, wasichana wengi. Ukikitaka kitanda, karatasi iwe na sahihi ya mzazi au mlezi, na imfikie msimamizi kabla ya saa sita mchana, siku ya Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ikichelewa, kitanda anapewa mwingine. Zilikuwa siku kumi.

Ninayetaka kumwandika hapa si Nelis, ingawa bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Ni mjomba wetu, kaka mkubwa wa mama yetu, Mungu amrehemu. Jina lake la utotoni lilikuwa Bahrun, na alipooa akapewa jina la ukubwa, Sutan Mantari. Kijiji kizima kilimwita Sutan. Sisi tulimwita Mjomba, inatosha.

Mjomba alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, na ukitaka kujua kama yupo huhitaji kupiga hodi, unaangalia hewani. Sufi ikiruka, yupo. Aliipiga kwa fimbo ya henzirani mpaka ikavimba kama maziwa yanayochemka, huku akimswalia Mtume kwa sauti ya chini, na kila salawati fimbo ikishuka. Nyusi zake zilikuwa nyeupe tangu nikiwa mdogo, na nilipokua ndipo nikajua kwamba zilikuwa nyeusi chini ya sufi.

Alikuwa na mkono unaojua. Akiliwekea kiganja godoro lako la zamani anakwambia limelaliwa miaka mingapi, na mlalaji ana maumivu ya upande gani. Mara moja bwana harusi wa miezi sita alileta godoro lishonwe upya. Mjomba akalipapasa, akatikisa kichwa.

"Bwana mdogo, huku kumelaliwa ukingoni na huku kumelaliwa ukingoni. Katikati pako kama siku niliyokukabidhi. Karibianeni, nisije nikaletewa kazi ya kushona mawili."

Yule kijana alitoka na godoro kichwani ili watu wasimwone uso.

Na mtu huyo aliyewatandikia watu wa soko zima, mwenyewe hakuwahi kuwa na chumba. Kwetu nyumba ni ya wanawake. Vyumba ni vya mabinti. Mtoto wa kiume akifika miaka saba anabeba sarungi yake na msahafu, anakwenda kulala madrasa na wenzake. Akioa anakwenda kulala kwa mkewe, anaingia jioni, anatoka alfajiri, ni mgeni wa heshima. Mkewe akitangulia kufa, anarudi madrasa. Mwishowe Mjomba alizipitia hatua zote tatu, na sikuwahi kumsikia akinung'unika. Lakini ndiye mwenye kauli juu yetu sisi watoto wa dada yake. Nani aolewe na nani, shamba lipi lilimwe, nani aende wapi. Baba anakulea na kukupenda. Mjomba ndiye anayekujibia mbele ya watu.

Sasa Nelis akakosea.

Alishuka kwenye basi kutoka Padang, furaha imemjaa mpaka kooni, akapita moja kwa moja kwenye kibanda cha Mjomba. Pale palikuwa na wateja wawili, na upande wa pili wazee wanakunywa kahawa ya majani ya mbuni katika vifuu. Akapaza sauti tangu barabarani, karatasi inapepea mkononi:

"Mjomba! Nimepata bweni! Nitilie sahihi hapa haraka!"

Wazee waliacha kunywa. Mjomba alisimama na fimbo yake, akamtazama, akasema, "Ahaa. Sahihi. Kalamu sina," kisha akaendelea kupiga sufi.

Nelis aliposimulia nyumbani, mama yetu, Amak, alijipiga mapajani kwa mikono miwili.

"Umemwambia wapi? Sokoni? Mikono mitupu, bila tambuu?"

"Amak, ni karatasi tu."

"Karatasi ni karatasi, lakini mtu ni mjomba wako! Jambo la kumhamisha binti nyumbani unamrushia mwenzio kama unaita muuza samaki?"

"Basi si ameshasikia?"

"Masikio yamesikia. Yeye hajaambiwa."

Ndivyo ilivyo kwetu. Jambo zito halisemwi mpaka tambuu iwe imetangulia. Unakwenda nyumbani anakolala, unaweka kisanduku mbele yake, tambuu, popoo, chokaa, katu ya gambiri, anatafuna kwanza, ndipo mdomo wako unapata ruhusa. Kabla ya hapo unaweza kumwambia mara mia, yeye atakutazama kama aliyeambiwa kwamba mvua inanyesha. Na Mjomba, upole wake wote ule, katika hilo alikuwa kama mwamba.

Tungekwenda kesho yake. Lakini kesho yake kulikuwa na msiba upande wa bondeni, na wakati wa msiba hapelekwi mtu tambuu ya heri. Siku tatu zikapita. Ya nne ndiyo mimi na Nelis tuliyokwenda nyumbani kwa mke wa Mjomba, Bi Nurlian, kisanduku kimefunikwa kitambaa cha dhahabu.

Mjomba alitafuna polepole, kama mtu ambaye mwaka mzima hana kazi nyingine. Kisha akafuta midomo.

"Haya. Mmekuja na neno?"

Nikasema mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikaeleza tangu gazeti mpaka bweni. Alinisikiliza, macho yamemtoka kwa mshangao, utadhani ndiyo mara ya kwanza.

"Chuo kikuu! Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Mtoto wa Rabani huyu! Na kulala, mmesema?"

"Bweni la chuo, Mjomba," Nelis akadakia. "Zimebaki siku sita."

"Siku sita ni nyingi. Wali wa kunata unaiva ndani ya mwanzi kwa nusu siku. Hebu niambie, lango la hilo bweni linafungwa na nani?"

"Sijui, Mjomba."

"Maji ni ya kisima au ya bomba?"

"Sijui."

"Mnaswali wapi? Mnalala wangapi chumba kimoja? Dirisha linatazama wapi?"

"Mjomba, mimi niliishia ofisini. Walinipa karatasi tu."

"Kwa hiyo unataka kukiahidi kitanda ambacho hujakiona?"

"Nikingoja nikione, nitamkuta mtu amelala juu yake!"

Nilimfinya mguu. Lakini Mjomba hakukasirika. Alicheka kidogo, akatazama chini. "Hilo nalo ni neno," akasema. "Nipeni muda niliwaze."

Na kulikuwa na jambo jingine lililomfanya awaze, ambalo sote tulilijua. Padang tulikuwa na nyumba ya jamaa. Mama mdogo Samsidar, binamu wa Amak, alikuwa na mgahawa karibu na soko kuu, na alikwishaleta salamu: "Mwanangu asilale kwa watu wakati mimi nipo. Sehemu ipo." Kwetu mtu akienda ugenini, kitu cha kwanza anatafuta mama wa huko. Sasa mama huyu yupo, wa ukoo mmoja, anakuita kwa mkono wake. Ukienda kulala kwenye bweni la serikali kama mtu asiye na kwao, si umemtukana?

Mimi nyumba hiyo naijua. Nilipelekwa nikiwa na miaka kumi na miwili nikaanze shule ya kati. Mjomba ndiye aliyenipeleka. Alinifikisha, akanywa chai, akaniombea dua, akarudi na basi la mchana. Nilikaa miaka miwili. Mama mdogo alikuwa na wateja wengi na mikono michache, simlaumu, na kila muhula ukianza tulisema tutaanza muhula ujao. Nilirudi nyumbani nikiwa najua kupika mchuzi wa nazi wa watu mia. Sikumweleza mtu habari ya shule, na hakuna aliyeniuliza, maana mwaka ule ndio Amak alipougua.

Basi tukangoja. Jumatatu hakuna neno. Jumanne Nelis alifunga virago vyake akavifungua mara mbili. Jumatano alishindwa kuvumilia akaenda sokoni, akarudi amebadilika rangi.

"Uni," akaniita, ndivyo mdogo anavyomwita dada yake kwetu. "Kibanda kimefungwa. Hewa ni tupu kabisa, hakuna hata unyoya mmoja wa sufi."

Tulikwenda kwa Bi Nurlian. Alikuwa anaanika mpunga, hakuinua hata kichwa.

"Ametoka jana baada ya alasiri. Ameoga, amevaa kofia mpya. Ameenda wapi, hakusema."

"Hakukuaga, Mama?" Nelis akauliza.

"Mimi nimwulize kwa nini? Mwanamume ni wenu nyinyi. Mimi nimeazimwa tu."

Alisema hivyo huku anatabasamu, lakini na yeye nilimwona anatazama barabarani.

Jioni ile Jawanis alituona tunapita, akatuita kutoka dirishani mwake. "Vipi, bado? Mjomba wenu kaenda kununua kalamu nchi gani?"

"Mwache mzee wa watu, Jawanis," nikasema.

"Mimi nimemwacha. Nasikia ni yeye aliyewaacha nyinyi."

Alhamisi asubuhi Nelis alifanya ambalo mimi nisingethubutu. Alichukua karatasi akampelekea Abak aliyekuwa anakarabati kizimba cha kuku.

"Abak, imeandikwa mzazi au mlezi. Mzazi imetangulia. Wewe ni mzazi wangu. Tia sahihi."

Abak alijipangusa mikono kwenye suruali. Akaipokea karatasi, akaisoma yote, akatoa kalamu mfukoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na namkumbuka alivyoishika ile kalamu juu ya ule mstari, mkono wake haushuki wala haupandi.

"Mwanangu," akasema, "nikiandika hapa, wewe utapata pa kulala Padang, na mimi nitakosa pa kulala hapa."

Sikujua kama nicheke au nilie. Nelis alilia. Alilia kama mtoto, kamasi na yote, akisema kwamba watu wa kijiji hiki watakaa wanatafuna tambuu mpaka dunia iishe, na kitanda chake atalala binti wa mtu mwingine ambaye mjomba wake anajua kalamu ni nini.

Abak alimwacha amalize. Kisha akarudisha kalamu mfukoni. "Tungoje mpaka kesho baada ya sala ya Ijumaa. Asipotokea, naandika mimi, na yatakayonifika Mungu anayajua. Jumamosi utapanda basi la kwanza."

Abak alikuwa mtu mpole, mkwe wa watu kwa miaka ishirini na tano, na hakuwahi kumvuka Mjomba hata kwa jambo la mbuzi. Nilijua ameahidi kitu kikubwa. Usiku nilisali rakaa mbili nikaomba Mungu asimfikishe Abak kwenye ahadi ile.

Ijumaa, watu wakiwa wanatoka msikitini, tuliwaona wanapanda njia ya kwetu wawili, Abak na Mjomba, sarungi zao zinapigwa na upepo. Mjomba alikuwa amechoka, kofia mpya imeingia vumbi. Alikuwa ameshuka kwenye basi akaingia msikitini moja kwa moja.

Alikaa mahali pake, kwenye nguzo ya kati. Nikaleta kahawa na vibanzi vya muhogo. Nelis alikaa nyuma ya Amak, karatasi kaipakata. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeanza.

"Nilikwenda Padang," akasema. "Mtoto huyu aliniambia hajakiona kitanda. Nikaona basi nikakione mimi."

Amak alivuta pumzi kwa sauti. "Kaka! Na safari yote hiyo hukutuaga?"

"Ningewaaga mngeniwekea vyakula vya kubeba mpaka basi likaniacha."

Akaeleza. Alianzia kwa Mama mdogo Samsidar, na tambuu, na kashata za gelamai. Alipokelewa vizuri mno, alipewa wali na nyama ya nazi iliyokaushwa, alitandikiwa sebuleni. Kulipopambazuka akaenda uani kutafuta maji ya kutawadha, akapita jikoni.

"Kati ya jiko na pipa la maji palikuwa na magunia yamekunjwa. Juu yake binti wa watu, miaka kumi na mitatu hivi, ndiyo kwanza anaamka. Nikamwuliza, 'Unasoma la ngapi, mwanangu?' Akaniambia, 'Bado sijaanza, Babu. Labda mwakani.' Nikamwuliza, 'Umeletwa lini?' Akasema, 'Mwaka juzi.'"

Amak alishika ncha ya shela yake akawa anaikunja na kuikunjua. Mimi nilikuwa namimina kahawa, nikaendelea kumimina. Mjomba hakunitazama, na nilimshukuru kwa hilo.

"Sasa bweni," akasema baadaye. "Nilifika asubuhi ya Jumatano. Mlinzi akanizuia. Nikaitiwa msimamizi, mama mmoja wa makamo, mkali, anaitwa Bi Harmaini. Nikamwambia nataka kuona atakapolala mtoto wangu. Akaniambia, 'Mzee, hapa mwanamume mwisho wake ni baraza. Hata baba mzazi.' Nikamwambia, 'Mimi si baba, ni mjomba.' Akasema, 'Ndiyo kabisa!'"

Hapo Nelis alicheka kwa mara ya kwanza siku hizo zote.

"Nikakaa barazani. Akaniletea kiti. Kwenye saa nne hivi naona wasichana wanatoka mmoja mmoja, kila mmoja na godoro kichwani, wanayalaza kwenye nyasi. Nikauliza, 'Kuna nini?' Mlinzi akasema, 'Leo ni siku ya jua, mzee. Kila wiki yanatoka.'"

Mjomba alipofika hapo alinyoosha mgongo. Nilimwona anakuwa yule wa kibandani.

"Nikaomba ruhusa, nikasema mimi ni fundi. Nikayapitia yote. Thelathini na saba."

"Yote, Kaka?" Amak akasema.

"Yote. Nikayabonyeza, nikayanusa, nikayapindua. Wasichana wakacheka, mmoja akaniuliza, 'Babu, unatafuta kunguni?' Nikamwambia, 'Natafuta tabia.' Sufi yake ni ya zamani, lakini imechambuliwa mwaka jana, haina mabonge. Mshono umerudiwa mara mbili. Hakuna harufu ya ukungu wala ya mkojo. Na pembeni kila moja limeshonewa kitambaa chenye jina la mlalaji. Moja tu lilikuwa limefumuka, nikalishona palepale, sindano ninayo kofiani siku zote. Godoro linalotolewa juani kila wiki, Rabani, nyumba yake ina mtu anayeiangalia. Vyumba sikuviona. Maji sikuyaonja. Lakini magodoro nimeyaona, na godoro halijui kudanganya."

Abak akaitikia, "Sawa kabisa, Sutan."

"Na Samsidar?" Amak akauliza. Hilo ndilo lililokuwa linamkaba. "Tutamwambia nini? Atasema tumemkataa."

"Nimeshamwambia. Nilirudi kwake nikalala tena. Nikamwekea tambuu, nikamwambia mtoto atalala chuoni kwa sababu ya masomo, lakini Padang hana mama ila wewe. Kila Jumapili atakuja kula kwako, akiugua utaitwa wewe, akipata mchumba utamkagua wewe."

"Akasemaje?"

"Alinuna mpaka kikombe cha pili. Cha tatu akaanza kuniuliza Nelis anapenda mchuzi gani."

"Mjomba," Nelis akasema polepole, "na yule binti wa jikoni?"

"Nimemtafuta mjomba wake. Anauza viatu palepale sokoni, hatua mia mbili kutoka kwenye lile jiko. Nikamwambia nilichokiona. Aliniambia hajui. Nikamwambia, 'Nakuamini; na mimi wakati wangu sikujua.' Sasa atafanya nini, ni yeye na Mola wake."

Kisha akaomba kalamu. Abak alimpa ile ya mfukoni mwake. Mjomba aliiweka karatasi juu ya kisanduku cha tambuu, akasema bismillahi, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, jinsi alivyofundishwa madrasa. Za Kilatini alizisoma lakini hazikuwahi kumkaa mkononi. Aliandika polepole, kuanzia kulia. Nelis alinong'ona, "Uni, wataweza kuisoma kweli?" Nikamwambia anyamaze, jina zuri namna ile, wasipoliweza watajifunza.

Waliliweza. Nelis alilala miaka minne na nusu katika bweni lile, godoro lake lina jina lake. Kila Jumapili alikula kwa Mama mdogo Samsidar, na mimi nadhani walipendana zaidi kwa kuonana mara moja kwa wiki. Leo ni bibi shamba wa wilaya, ana binti yake mwenyewe anayechagua bweni kwenye simu, kwa picha. Anabonyeza tu, amemaliza. Nikimwona namcheka. Namwuliza, "Umebonyeza simu, godoro je?" Hanielewi, na si kosa lake.

Magodoro ya sufi yamekwisha. Misufi mingi kandokando ya barabara ya Payakumbuh imekatwa, watu wanalalia sponji. Kibanda cha Mjomba sasa wanauza vioo vya simu. Bi Nurlian alifariki kabla yake, naye akarudi kulala madrasa, kama alivyokuwa akiwa na miaka saba, akafia huko baada ya sala ya alfajiri, siku ya Jumatatu. Mpaka leo nikiona kitu cheupe kinapita hewani sokoni, unyoya wa kuku au chochote, shingo yangu inageuka yenyewe kutazama upande ule.

Lakini siku ile ya Ijumaa bado alikuwa na nguvu zake. Alipomaliza kuandika alipuliza wino ukauke, akamkabidhi Nelis karatasi kwa mikono miwili, Nelis akambusu mkono na kuulilia. Amak akaenda jikoni kuwasha moto. Abak akatoka kuuliza habari za basi la kwanza la Jumamosi. Mjomba aliinuka, akateremka ngazi, nami nikamfuata kumsogezea ndara zake kama ilivyo desturi.

Alizivaa moja moja. Kisha akabaki amesimama, mkono kwenye nguzo ya ngazi, ananitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu alipofika.

"Nimar," akasema, "kesho nenda naye wewe. Mimi huko mwisho wangu ni baraza, wewe hawatakuzuia. Ingia mpaka ndani, ukae naye usiku mmoja, uone kwa macho yako anapolala, kisha urudi uniambie kweli, hata kama ni mbaya. Nakuomba."